Mashine Ilipoulizwa Yenyewe

Koku mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako mzima, ng'ombe amezaa, ndizi zipo. Nasema mimi, anaandika shangazi yako.

Unauliza kama kweli niliiona kompyuta kabla ya baba yako. Niliiona, na nusura initoe kazini! Nilikuwa mfagiaji wa ofisi pale Omurushaka. Siku moja mashine iliganda, karani akanirukia: "Ni wewe na tambara lako bichi! Kesho usije."

Fundi aliyeitwa alikuwa dada mmoja kutoka Bukoba. Karani alitaka aizime tu, dada akakataa: "Subiri, tuiulize yenyewe." Akaandika neno moja, kioo kikajaa mistari. Akanieleza kuwa ile ni orodha ambayo mashine inajiwekea ndani, kila kazi inayofanya na saa ilipoanza.

"Iliyokwama ni hii, inakula nguvu zote tangu saa mbili. Mama, wewe ulifuta meza saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na saa mbili nani alikuwa hapa?"

Karani akatazama viatu vyake. Fundi akaisimamisha kazi ile moja tu, zingine zikaendelea, nami nikaendelea na ufagio wangu. Dada yule nilimpa kahawa ya kutafuna, heshima ya kwetu kwa mgeni. Karani sikumpa.

Tangu hapo nauliza kwanza. Jana maharage yaliungua, nikafungua mdomo nimgombeze babu yako, nikaufunga. Nikajiuliza, nani aliyabandika? Kumbe mimi.

Shangazi yako anacheka. Babu asijue.

Bibi yako anayekupenda mpaka basi