Risasi iliyobaki ndani

Wee, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Unaikumbuka ile bunduki yangu ya kuwindia, ya bei poa, niliyokutambia mwezi mzima? Leo nimemwonyesha baba mkwe. Sebuleni! Nikachomoa magazini ya risasi, nikasema, “Haina kitu hii, baba. Sikia kifyatulio kilivyo laini.”

Nikavuta.

Ikalia. NDANI YA NYUMBA. Kumbe risasi moja ilibaki ndani ya mtutu, na mimi sikuvuta hata bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, nitazame. Yaani hata kutazama tu!

Risasi ikatoboa ukuta wa mbao, ikaingia chumba alimokuwa mama mkwe akipiga pasi. Nikaita, “Mama! Mama!” Kimya. 

Akatoka na shati langu mkononi, lina tundu kifuani. “Ndiyo kwanza nimelitundika,” akasema. Basi. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Baba mkwe akachomoa bolti, akaitia mfukoni. “Bunduki haina kosa, mwanangu.”

Sasa chakula kiko mezani, na mama mkwe anagonga mlango taratibu: “Njoo ule, baba, kinapoa.”

Nitoke na uso gani?