Mkono wa Kukata Maua

Ntinyari. Usinijibu kwanza, soma tu.

Unajua ile gemu ya ngoma niliyokuambia, ya kushika rimoti mbili na kupiga hewani ukifuata muziki? Leo baada ya kanisa tumeijaribu kwa Murungi. Linda na Antony walikuwepo.

Linda akaipenda, akaruka mpaka jasho likamtoka. Antony, mtu wa mpira wa skrini, akasema hiyo si gemu, ni mazoezi ya kina mama.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga wimbo mzima bila kukosa ngoma hata moja! Nikawapita wote, hata Murungi.

Unajua huyo Murungi, mchumba wangu, alisema nini? Mbele ya watu? "Si ajabu. Huo mkono umezoea kukata maua ya mzungu."

Kisha akaigiza! Akainama, akakunja kiwiko vile sisi hukata waridi kazini, tap tap tap. Wakaanguka kwa kicheko. Hata Linda.

Maua ya mzungu, Ntinyari. Na huo mkono ndio ulinunua mashine ya gemu wanayochezea kila siku! Ovataimu ya Januari yote, wewe ulikuwa grinihausi moja na mimi, uliona.

Sikulia. Nimeng'oa waya zote, nikatia mashine kwa kiondo, nikatoka.

Sasa anapiga simu. Ati ilikuwa utani. Ati nisisahau Jumamosi wazee wake wanaleta asali ya posa kwetu.

Sijasahau. Nimeshamwambia mama asichemshe hata chai.