Siku Bibi Alipookota Bastola Harusini

Jumatatu mchana, Kibaha. Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kukata. Njia ya mtaani kwetu Pangani imekuwa tope tupu, wateja hawaji, nami nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kiuno kinauma kwa ngoma. Sauti imekauka kwa vigelegele. Juzi Jumamosi tumemwoza mdogo wetu Zuhura kule nyumbani Kurui, Kisarawe, na sote tumerudi wazima.

Sote tumerudi wazima. Narudia makusudi.

Lazima nianze na kaka yangu, Shabani. Tangu baba afariki, yeye ndiye tunayemtegemea. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Kibaha. Miaka miwili iliyopita majambazi walimvamia akiwa anafunga duka, wakampiga nondo ya bega, akalazwa wiki nzima. Alipopona akaomba kibali, akafuata taratibu zote, akanunua bastola. Sikumlaumu. Nani aliyemwona pale kitandani angemlaumu?

Lakini bastola ile haikukaa dukani. Ilianza kwenda naye sokoni. Ikaenda naye msikitini, kliniki, kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa wanawe. Iko kiunoni, chini ya shati, na aliyekaa naye benchi moja hana habari.

Mimi nilikuwa na habari. Mimi ni fundi cherehani, na ni mimi niliyempanulia mashati ili isitokeze. Tena nilifanya kazi ile kwa moyo mmoja. Nikitembea naye nilijiona nina ulinzi kama mke wa waziri.

Niliwahi kushtuka mara moja tu. Tulikuwa Maili Moja kwenye foleni ya magari, ndani ya gari lake, bodaboda akatukwaruza mlango. Yule dereva alikuwa ameshashuka, anaomba radhi, mikono kifuani. Nikamwangalia kaka. Kabla hajafungua mdomo, mkono wake ulikuwa umeshafika kiunoni. Kwa mkwaruzo wa rangi! Kaka niliyemjua mimi angegomba kidogo, kisha angemwuliza yule kijana kama ameumia. Nilitaka kusema neno. Sikusema.

Basi, Jumamosi.

Ndoa ilifungwa asubuhi, kaka akiwa ndiye walii, yaani mwozeshaji. Alimshika bwana harusi mkono mbele ya shehe, sisi kina dada tukamwaga machozi mpaka wanja ukatuchuruzika. Tukala pilau, tukala na mihogo ya nazi. Kisha kaka akavua kanzu, akavaa shati la sare nililomshonea, na ngoma ya mdundiko ikaanza.

Jamani, mdundiko wa kwetu hauchezwi na mtu aliyejizuia! Uwanja mzima ulikuwa vumbi na vicheko. Zuhura amekaa mkekani na hina yake, anatikisa mabega tu kwa sababu bibi harusi hatakiwi kuruka. Kaka Shabani aliingia katikati, akainama, akazungusha kiuno, wanawake wakampigia vigelegele. Miaka miwili sijamwona akicheka hivyo. Ngoma zilikuwa na kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia kitu kikianguka.

Aliyekiona ni bibi yetu mzaa baba, Bibi Mwanahawa. Kukiona nako ni kusema tu, maana ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Aligusa kitu kwa mguu pembeni ya mkeka, akainama, akakiokota, akakisogeza karibu na uso.

"Simu ya nani hii, nzito hivi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mdomo wa bastola ulikuwa unamtazama Zuhura. Kidole cha bibi kilikuwa kimeshaingia pale pa kufyatulia.

Wapigaji ngoma wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, na uwanja uliokuwa unatetemeka ukawa kimya mpaka nikasikia kuku.

"Bibi," nikasema, "usiibonyeze. Ielekeze juu, tafadhali."

"Juu kuna nini? Kwani ya nani?"

"Ya kwangu, bibi," kaka akajibu kutoka nyuma ya watu.

"Mume wangu! Basi njoo uichukue, mbona umesimama kama mnazi?" Bibi humwita hivyo tangu kaka akiwa mtoto, ni utani wao. Akageuka kumpa. Sasa ikawa inamtazama kaka tumboni.

Kaka alikwenda polepole. Alimshika bibi kifundo cha mkono, akakigeuzia juu, penye mawingu, kisha akamtoa kile kidole kwa upole, kama unavyomtoa mtoto mchanga kidole kwenye nywele zako. Akaondoa magazini ya risasi, akavuta sehemu ya juu. Risasi moja ikaruka, ikaangukia mkekani, karibu na mguu wa Zuhura wenye hina.

Ilikuwa ndani ya mtutu tayari. Ilikuwa ndani wakati anamwozesha dada yake.

Bibi alipoambiwa ameshika nini, alikaa chini palepale. Tukadhani amezimia. Kumbe anafikiri. Akasema, "Shabani." Hakusema mume wangu. "Hapa Kurui adui yako nani? Nioneshe, nimfukuze mwenyewe."

Kaka alitoka uwanjani. Alikwenda kwenye gari, bastola akaifungia kwenye buti, risasi akaziweka mbali nayo, kisha akaketi nyuma ya usukani na kupandisha vioo.

Nilimfuata. Nikaingia, nikakaa kando yake. "Nilinunua ili niwalinde," aliniambia, "na leo kidogo niwaue. Tena huku nacheza." Nikamwambia kuhusu Maili Moja. Nikamwambia kuhusu mashati, kwamba nilishona huku nikijua yanaficha nini, na kosa ni letu sote wawili. Tulilia kama watoto, mimi na mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, ndani ya gari lililofungwa vioo saa tisa mchana. Joto lake sitalisahau.

Tukasikia mtu anagonga kioo. Bibi harusi mwenyewe! Ameacha mkeka, ameshika gauni kwa mikono miwili, na nyuma yake shangazi zangu wanapiga kelele kwamba haya ni mambo gani.

"Kaka, sherehe yangu haijaisha."

"Zuhura, nitachezaje leo mbele za watu?"

"Umeniozesha wewe. Nikienda kwa watu bila kukuona ukicheka, nitasema ndoa imeanza na mkosi. Toka nje."

Akatoka. Bibi Mwanahawa ndiye aliyempokea uwanjani. Alimpapasa kiunoni mbele ya umati wote, kulia, kushoto, nyuma, kama askari wa getini, kisha akatangaza, "Hana kitu! Pigeni ngoma!"

Nimewahi kusikia vigelegele. Vile vya Jumamosi sijawahi. Mdundiko ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, watu wanacheza kama walioponea chupuchupu, na kweli walikuwa wameponea. Hata mimi, niliyejiapiza kutochafua viatu vipya, nilimaliza peku.

Leo asubuhi kaka ameamka na jambo moja. Amekwenda kituo cha polisi na bastola na kibali chake, amesema hataki tena kumiliki silaha, ameisalimisha. Usalama wa duka amepanga upya: atafunga mapema, jua likiwepo, na amekubaliana na majirani zake wa biashara wafunge na kuondoka pamoja. Je, majambazi hawatarudi? Sijui. Hata yeye hajui. Naogopa bado, nisijidanganye. Ila sasa ninaogopa kitu kimoja, si viwili.

Kutoka kituoni amekuja moja kwa moja hapa dukani kwangu, ameloa chapachapa. Nimempa chai na chapati tatu, akazimaliza zote. Kisha akasema anapumzisha mgongo kidogo. Amejilaza juu ya marobota ya vitambaa na sasa anakoroma, mdomo wazi, shati limepanda mpaka kitovuni.

Nina sare za kwaya za kumaliza, na mteja mwenyewe ameniambia zinahitajika mapema. Lakini cherehani hii ina kelele. Nimeizima, nimesogeza mlango, nimechukua simu naandika haya.

Mteja atasubiri. Mwache kaka yangu alale.