Kamusi Mbili Ndani ya Eda

Jumanne, 6 Mei

Kurasa nne za Kireno baada ya kuosha vyombo. Maneno kumi na moja sikuyajua. Leo siku ya sitini na moja ya eda. Mtihani wa ualimu ni Agosti, wote kwa Kireno, kama mitihani yote huku Msumbiji. Nikifeli, nitamtegemea shemeji Bakari mpaka kwa kipande cha sabuni. Sitaki.

Mashine za kusomea vitabu ninazo mbili. Ndogo ni ya marehemu Saidi, kioo kina mkwaruzo. Kubwa alinitumia wifi yangu kutoka Mtwara nilipoingia eda, pamoja na kamusi ya karatasi ya Kiingereza na Kiswahili. Ina taa na haigandi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezipima kwa neno moja, teimoso. Kubwa inanijibu kwa Kiingereza, kisha nikahangaike na kamusi ya karatasi. Safari mbili ndipo nipate: mkaidi. Ndogo inaeleza Kireno kwa Kireno. Teimoso ni mwenye teimosia. Teimosia ni hali ya kuwa teimoso. Nusura niitupe ukutani.

Nikafungua orodha ya lugha, mashine zote mbili, nikashuka mpaka chini. Kiswahili hakimo. Palma nzima tunaongea nini, kibubu? Mpaka ng'ambo ya Ruvuma huko, wote hatumo. Waliozitengeneza wametudharau.

Ijumaa, 9 Mei

Bakari kaja baada ya swala. Kasemea nje ya pazia.

"Shemeji, mtu mmoja mashine mbili za nini? Ile ya kaka nipe mie, iwe kumbukumbu."

Kumbukumbu! Huyo hajafungua kitabu tangu aache shule. Lakini nimekubali, aichukue Ijumaa ijayo. Kila nikiiona namkumbuka Saidi akinisahihisha Kireno mbele za wageni, huku anacheka. Iende.

Jumapili, 11 Mei

Nilikuwa nafuta vitabu vyake kwenye mashine ndogo. Kumbe mashine inatunza kila neno lililotafutwa, na siku yake. Teimoso limo. Mara nne! Maneno yote aliyonicheka kwa kutoyajua, yamo.

Mnafiki. Nimelisema kwa sauti, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefika mwisho wa orodha. Ni wiki aliyorudi kutoka hospitali ya Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Karatasi ya daktari aliikunja akaitia mfukoni, akaniambia, "Uchovu tu, mke wangu." Habari ya figo nilikuja kuisikia msibani.

Maneno ya karatasi ile yamo humu, aliyaandika mwenyewe kwa kidole. Rim. Insuficiência. Irreversível.

Alijua. Miezi miwili alijua, na mimi nagombana naye juu ya ndoo za maji. Kaninyima kumuaga. Sijawahi kumkasirikia mtu hivi, na hayupo nimwambie.

Jumatano, 14 Mei

Nimeirudia orodha, taratibu. Irreversível. Kisha reversível. Kisha reverter. Kisha irreversível tena. Siku moja, mzunguko huo mara tatu.

Nikayagusa kama alivyoyagusa. Irreversível: isiyo reversível. Reversível: inayoweza kufanyiwa reverter. Reverter: kurudi kama mwanzo.

Daktari alisema Kireno, na Saidi alitikisa kichwa kama anaelewa. Namjua. Hakuwahi kumuuliza mtu neno. Jioni ile aliomba wali wa nazi, akala vizuri. Labda alishika lile la mwisho tu, kurudi kama mwanzo. Labda alielewa yote. Sitajua. Nilikuwa jikoni, hatua kumi kutoka alipokaa, na mashine kubwa na kamusi yake ya karatasi vilikuwa bado Mtwara. Lugha yake mwenyewe ingekuwemo, angejua mara moja. Tungekaa tukalizungumza.

Ijumaa, 16 Mei

Bakari kaondoka na mashine kubwa, ndogo nimebaki nayo. Hakulalamika, ina taa. Kusoma kutakuwa kugumu zaidi. Sawa.

Nimefungua daftari jipya. Naanza na maneno ya Saidi, kila moja kwa Kiswahili. Teimoso, mkaidi. Rim, figo. Insuficiência, kushindwa kazi. Lile jingine nililiacha wazi mpaka alasiri.

Isiyorudi tena.

Nimelipigia mstari, nimegeuza ukurasa.