Kompyuta Inarudi Januari

Mwenzangu, nimeharibu! Kwa kidole changu mwenyewe!

Kompyuta iligoma kuwaka. Mjukuu wangu yuko kazini, akanielekeza kwa simu: "Bibi, chomeka flashi ya uokoaji na ile diski yenye nakala. Ikiuliza lolote, bonyeza NDIYO."

Ikauliza, ifute kwanza vyote vilivyomo? Nikabonyeza NDIYO. NDIYO, mwenzangu!

Ndipo nikauliza, nakala ya lini? "Ya Januari, bibi." Na babu yao tulimrekodi Machi akitega vitendawili, wiki moja kabla hajatutoka! Sauti ilikuwa humo kwenye kompyuta tu.

Mjukuu: "Imeshafuta, bibi. Usichomoe."

Nakala inarudi, asilimia arobaini. Naitazama tu.

Kitendawili chake cha mwisho kilinishinda, nikakataa kumpa mji. Jibu akaliacha kwenye rekodi nilipotoka, nami sikuwahi kuisikiliza.

Sasa nampa mji. Nampa hata kumi. Nani atanijibu?