Mzee Muigai Sakafuni

Awiti, hutaamini. Nimemlaza Mzee Muigai chini. Mzee wetu wa kanisa. Chini kabisa, na suti yake.

Unakumbuka ile bunduki ya shabaha aliyonunua kwa mtu, ambayo bolti yake, kile chuma cha kusukuma risasi ndani, inakwama? Naona huko kiwandani walikuwa na haraka ya chai, wakaacha chuma cha ndani kama meno ya msumeno. Ken, bosi wetu hapa karakana ya bunduki, akanikabidhi mimi, peke yangu. Ikiteleza, napata meza yangu ya ufundi. Ikikwama, narudi kwa ufagio.

Nimeisugua wiki nzima kwa jiwe na mafuta, vile mwalimu wa darasa la jioni alitufundisha. Leo nikarudisha bolti. Kabla ya kuivuta, nikaomba. Unajua ninavyoomba. Macho nimefunga, mikono iko juu. Bunduki imebanwa mezani, tupu, ikitazama mlango.

Mzee anaingia hapo. Ameishi Parklands miaka mingi, majambazi anawajua, hakuhitaji kuambiwa lala. Nafungua macho, yuko sakafuni, saa ameshavua.

"Chukueni yote, vijana," anaiambia saruji.

"Mzee, ni mimi, Everlyn. Nilikuwa naomba."

"Unaniombea mimi?"

"Naombea bunduki yako."

Sakafuni, Awiti. Na suti.

Akainuka, akavuta bolti. Ikateleza kama droo mpya. Akavuta tena. "Kazi ni safi," akasema, akifunga saa. "Lakini binti, Mungu hakai upande wa mlango."

Ken amenipa meza. Ameigeuza itazame ukuta.