Ua Nililong'oa Kinamasini

Dada yangu Kemunto,

Pokea salamu kutoka huku kaskazini mwa Marekani, ambako mwezi wa sita bado navaa sweta. Goti la Mama limepoa? Na dukani kwako Masimba, wateja bado wanakuja kupiga gumzo tu na kuondoka? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono. Ukimsomea Mama, ishia hapa.

Nimeogopa, dada. Bi. Helga, yule bibi kizee ninayemtunza, alikataa chakula siku mbili. Nyuma ya nyumba kuna msitu wa serikali wenye kinamasi. Juzi nikaona huko ua jeupe lenye kifuko cha waridi mbele, kama kiatu cha mtoto mchanga. Nikawaza Kigusii: chinsaga iliyojiotea kando ya mto ni mboga ya aliyeinama kwanza. Nikalichimba na mizizi yake, nikalitia ndooni, nikampelekea bibi apate raha.

Aliliangalia kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani.

"Umelitoa wapi?"

"Kinamasini, bibi. Yako mengi."

"Hilo hukaa miaka zaidi ya kumi kabla ya kuchanua mara ya kwanza! Sheria inakataza hata kulichuma. Na mwanangu anakuja kesho."

"Si nitamwambia sikujua?"

"Ombati, mwanangu ni askari wa misitu."

Nikiwaza wanavyoweza kunirudisha nyumbani mikono mitupu, nikakimbia kulirudisha shimoni mwake, nikashindilia udongo na kuliomba radhi kwa Kigusii, maana Kiingereza kilikuwa kimenikimbia. Kulipokucha, mikono ilikuwa na vipele vinavyowasha. Kumbe majani yake yana vinyweleo vikali. Mwizi anajipiga muhuri mwenyewe. Bi. Helga alicheka hadi akaomba supu.

Mwanawe alifika, akanipa mkono, hakuuachia.

"Hii ni nini?"

"Sabuni," mama yake akadakia.

Akavaa buti, akaenda kinamasini. Aliporudi alisema kwa upole, "Kuna ua moja huko limelegea. Kesho, Ombati, twende tukalimwagilie."

Nikaitikia kabla hajamaliza. Lakini dada, kinamasi ni maji matupu. Nani humwagilia kinamasi?

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na shangazi muuza ndizi wa Keroka. Mwombe Mama anikumbuke Sabato hii, ila asisimame kanisani kueleza sababu. Waumini wetu wana watoto hadi huku.

Ni mimi mdogo wako, nikijikuna,
Ombati